Nafaka Kwanza, Jina Baadaye

Kondakta akikutukana stendi, jioni utawasimulia wenzako na mtacheka. Shangazi yako akikutamkia neno hilohilo mbele ya wageni, utalala nalo na kuamka nalo, na miaka kumi baadaye utaweza kueleza alivaa khanga ya rangi gani siku ile. Mtu baki hana anachokijua juu yetu. Ndugu anajua ulikojoa kitandani mpaka darasa la ngapi. Anajua baba yako alifia wapi na akiwa na nani, na anajua ile mimba iliyotoka ambayo mumeo hajawahi kuambiwa. Akitaka kuumiza hahangaiki kutafuta mahali, mkono wake unakwenda moja kwa moja penye kidonda. Halafu hakwepeki. Kondakta mgomvi utamwacha na kupanda gari jingine, lakini shangazi utamkuta kwenye harusi ya Desemba, utamkuta kwenye arobaini ya babu, na siku ya mahari ya binti yako yeye ndiye atakayepewa nafasi ya mbele mkekani.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hasa tangu nilipoanza kumwangalia kwa karibu dada mmoja niliyekua naye mtaa mmoja, Chumbageni, Tanga. Jina lake silitaji. Alikuwa darasa la tatu baba yake alipofariki. Baada ya matanga ukoo ulikaa, watoto wakagawanywa kama ilivyo desturi yetu: huyu kwa mjomba, huyu kwa bibi, huyu kwa baba mkubwa aliyekuwa karani bandarini. Yeye akaangukia kwa baba mkubwa. Sisi watoto wa jirani tulidhani amepata bahati, maana nyumba ile ilikuwa na friji.

Hakupigwa sana. Najua watu hupenda kusikia habari za fimbo ndipo waamini kwamba mtoto aliteswa. Kilichokuwa kikimpata ni masimango. Sahani yake ilikuwa ya bati, rangi imebanduka ukingoni, na haikuchanganywa na sahani za watoto wa nyumba. Mama mkubwa alipopakua nyama, kipande chake kilikuja na maneno: "Kula, maana kwenu nyama mliiona Idi tu." Viatu vya shule vilipokwisha soli vilikuja vingine, na vilikuja na hesabu yake, iliyosomwa kwa sauti barazani. Akiugua, dawa ilinunuliwa, na bei ya dawa ikatajwa mpaka alipopona. Aliamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, akayauza, ndipo akaenda shule, na akiitwa mvivu hakuwa na pa kushitaki kwa sababu aliyemwita mvivu ndiye aliyemlipia ada.

Na ada ililipwa kweli. Hilo lisemwe wazi, maana hapo ndipo penye ugumu wote. Mama yule alimsomesha hadi kidato cha nne, akamsindikiza chuo cha uuguzi na godoro na ndoo mpya. Angekuwa mchawi wa hadithi, tungemlaani tukamaliza. Alikuwa mwanamke mwenye watoto wake watano, mume wake akamletea wa sita bila kumuuliza, na mshahara wa karani ukabaki uleule. Nadhani kila tonge alilompa mtoto yule alilitoa kwenye mdomo wa mtoto wake, naye hakuwa na mtu wa kumlaumu ila huyo aliyekuwa akila. Ninamwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakumfanyi mtoto aliyesimangwa asiwe amesimangwa. Tuna tabia ya kumweleza aliyeumizwa sababu za aliyemuumiza, tukitegemea kwamba akishazijua maumivu yataisha. Aghalabu alikuwa anazijua kabla yetu. Mtoto wa kulelewa husoma uso wa mwenye nyumba kuliko anavyosoma kitabu chochote.

Leo dada yule ni muuguzi Korogwe. Baba mkubwa alishafariki. Mama mkubwa amepata kiharusi, mkono wa kushoto hauna nguvu, presha na sukari vinamsumbua kwa zamu. Watoto wake watano wametawanyika, mmoja Muscat, wengine Dar es Salaam, na kila mmoja ana shida zake. Ukoo ulipokaa kuamua nani amchukue mgonjwa, macho yote yalimgeukia muuguzi. Mzee mmoja akasema damu nzito kuliko maji. Mwingine akasema yaliyopita si ndwele. Dada yule akasikiliza mpaka mwisho, akasema dawa zote za mama mkubwa atanunua yeye, kliniki atampeleka yeye, na mshahara wa binti wa kumsaidia kazi atachangia. Nyumbani kwake hatamchukua, na nyumba ile ya Chumbageni hatalala.

Wakasema ana roho ngumu. Bado wanasema hivyo.

Nilikuwapo siku moja alipokuja. Mama mkubwa alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, majirani wawili wamekaa naye mkekani wakichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekumbuka kwamba una mtu huku?" Kisha akawageukia majirani. "Huyu mnayemwona na saa mkononi, funza vidoleni nimemtoa mimi. Kwa sindano, usiku, na kibatari."

Majirani wakaacha mchicha. Mimi nikamtazama dada yule nikingojea machozi, au jibu. Akafungua mkoba, akapanga maboksi ya dawa juu ya kigoda. "Ni kweli, mama, ulinitoa. Hizi za presha ni moja asubuhi. Hizi za sukari ni baada ya kula, asubuhi na jioni." Juu ya kila boksi alikuwa amechora kwa kalamu ya wino mzito jua au mwezi, au vyote viwili, kwa sababu macho ya mama yule hayasomi tena maandishi madogo. Akamfunga kipimo cha presha mkono wa kulia, akangoja, akaandika kwenye daftari. Akauliza kama choo kinakwenda vizuri. Akala andazi moja alilokaribishwa, akaaga, na kabla ya alasiri tulikuwa njiani kuelekea stendi ya Kange.

Nilimuuliza kama maneno yale hayamuumi. "Yananiuma," akasema. "Lakini presha yake ni mia na sabini, na hiyo haina uhusiano na mimi kuumia."

Nimelirudia jibu lile mara nyingi kichwani. Wazee wa kikao walidai vitu viwili wakidhani ni kimoja. Walidai matunzo, na matunzo wakayapata kuliko walivyotarajia. Walidai pia ule ukaribu wa mtoto na mama, wa kulala chumba kimoja, kusimuliana habari za kazini, kuegemeana na kucheka. Hicho cha pili hawakupata, wakaona wamenyimwa vyote. Mimi ninaamini kwamba deni la ndugu linalipika mpaka senti ya mwisho bila mtu kuikabidhi nafsi yake, na kwamba ndugu zangu wengi wangeishi kwa amani zaidi kama tungekubali kuvitenganisha viwili hivi.

Vikao vya ukoo navifahamu, na ninaviheshimu. Bila kikao hakuna mazishi yanayokwenda sawa. Muhtasari wa kikao ndio unaopelekwa mahakama ya mwanzo anapoteuliwa msimamizi wa mirathi, na wajane wengi wameokolewa na mzee mmoja aliyekataa kutia saini uongo. Lakini kikao kina tabia ya kumkumbuka mtu siku anapohitajika. Mwaka 1988, upande wa Muleba mkoani Kagera, mwanamke mzee aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia halali. Aliuza kwa shilingi 300,000, na aliyenunua hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake Bernardo Ephraim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yafutwe, kwa sababu sheria ya kimila iliyotangazwa 1963 haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume. Wanasheria wanaitaja kesi hiyo mpaka leo kwa sababu ya Katiba na usawa. Mimi huvutwa na jambo dogo lililo katika maelezo ya kesi yenyewe: Holaria aliuza kwa sababu alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Ukoo ambao haukuwa na mtu wa kumchotea maji ulipata mtu wa kwenda mahakamani siku ya pili yake. Na jaji hakuukata ukoo moja kwa moja. Aliacha nafasi ya shamba kukombolewa, mradi mnunuzi arudishiwe fedha zake. Unataka ardhi ya ndugu, lipa bei yake. Naona uamuzi ule una busara ya kifamilia iliyopita ya kisheria.

Kisa ambacho kimenisaidia kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Yusufu, tunachokisoma Waislamu kwa Wakristo. Tunapokisimulia tunakimbilia mwisho, pale ndugu wanapolia na kukumbatiana. Tunaruka sehemu ndefu ya katikati. Kwa hesabu ya kitabu cha Mwanzo, Yusufu aliuzwa na kaka zake akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikafuata miaka saba ya shibe. Kwa miaka hiyo saba alikuwa mtu wa pili kwa ukubwa nchini Misri, mwenye magari na watumishi, na baba yake alikuwa Kanaani akimlilia. Hakutuma mjumbe. Mzaliwa wake wa kwanza alimpa jina la kusahauliwa kwa nyumba ya baba yake. Hakuna mahali kitabu kinapomlaumu kwa hilo.

Kisha njaa ikawaleta kaka zake, wakamwinamia bila kumjua. Yeye aliwajua. Akafanya nini? Alijaza magunia yao nafaka, na fedha zao akazirudisha humo kwa siri. Watoto wa kwao hawakulala njaa hata siku moja kwa sababu ya kisasi. Lakini jina lake hakuwapa. Aliongea nao kwa mkalimani, aliwahoji kwa ukali, akamshika mmoja rehani, akaagiza mdogo wao aletwe, akaficha kikombe mzigoni mwa huyo mdogo ili aone wakubwa watafanya nini safari hii mtoto wa mama mwingine akiwa hatarini. Katikati ya yote hayo alikuwa akitoka pembeni kulia, akinawa uso, akirudi. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu akajitambulisha. Nafaka ilitangulia. Jina lilikuja baadaye, baada ya kuona kwamba watu waliomtumbukiza shimoni hawakuwa tena watu walewale.

Na hata hapo hapakuwa mwisho. Yakobo, baba yao, alihamia Misri akaishi huko miaka 17 akiwa na wanawe wote. Alipokufa, kaka wale wakaingiwa na hofu upya kwamba sasa Yusufu atalipiza. Miaka 17 ya kulishwa na kukaa pamoja, na bado hawakuamini! Yusufu akalia tena. Nikisoma hapo nawafikiria wale wanaosema "tumeshasameheana, kwa nini hamkai kama zamani?" Aliyeumiza naye ana kazi yake ya ndani, na hiyo aliyeumizwa hawezi kumfanyia.

Dada yule wa Korogwe yuko kwenye nafaka. Huenda jina litakuja, huenda lisije. Mama mkubwa hajasema hata siku moja kwamba alikosea, na sioni ni kwa haki gani kikao kimlazimishe dada yule aruke sehemu hiyo ya kisa.

Upo upande wa pili, wa anayeng'ang'ania jina litoke kwa asiyetaka kulitoa, na hapa pwani tunao mfano wake mkubwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake alipokufa mwaka 1856, kaka yake Majid akashika kiti, na nduguye Barghash akakitamani. Mwaka 1859 Barghash aliasi. Salme, msichana wa miaka 15 hivi aliyejifundisha kuandika kwa siri, akaingizwa upande wa Barghash na dada yake Khole aliyempenda mno, akawa ndiye mwandishi wa barua za waasi. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Sasa angalia mambo ya ndugu yalivyo. Majid, aliyesalitiwa, akamsamehe Salme. Khole, ambaye Salme alijitia hatarini kwa ajili yake, alimkasirikia kwa sababu ya kupatana na Majid.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Huko Aden akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka huohuo Majid naye akafa, na Barghash akawa Sultani. Salme akaona mlango umefunguka: yule kaka aliyemwandikia barua usiku kwa siri, akihatarisha shingo yake, sasa ana nchi nzima. Akamwandikia. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, akamfuata huko, Waingereza wakamzuia asimwone. Agosti 1885 alifika Unguja kwa meli ya Kijerumani pamoja na watoto wake. Watu mjini walimpokea kwa furaha. Kaka yake hakukubali kumwona wala kumpa urithi aliokuwa akiudai.

Ni rahisi kumhukumu Barghash, na mimi nilifanya hivyo nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza. Lakini mtazame na yeye. Dada ameacha dini ya baba yao, ameondoka bila kuaga, na sasa anarudi na manowari za watu ambao mwaka huohuo walikuwa wanamnyang'anya bara. Kwa macho yake, aliyebisha hodi hakuwa dada tu, alikuwa na mizinga nyuma yake. Katika ugomvi wa ndugu kila mmoja ana daftari lake la madeni, na katika kila daftari jina lililoandikwa juu ni la mwenzake.

Salme akaishi muda mrefu baada ya hapo, Jaffa na Beirut, kisha tena Ujerumani, akafa Jena mwaka 1924. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapwa mwaka 1886, kitabu kinachosomwa mpaka leo, na ukikisoma unaona mwanamke mwenye akili kali na macho ya kuona kila kitu. Akili hiyo haikumwepusha na miaka mingi ya kungoja kaka mmoja aseme "huyu ni ndugu yangu". Nawajua watu wa namna hiyo mitaani kwetu. Kuna mwanamume mtu mzima, ana wajukuu, bado kila Idi anampelekea baba yake wa kambo kanzu mpya, na kila Idi anarudi akisimulia jinsi ilivyopokelewa kwa mkono mmoja. Kinachomuumiza sasa si baba yule, ni tegemeo lake kwamba safari hii itakuwa tofauti. Natamani angeendelea kupeleka kanzu, akaacha kumtazama usoni mzee yule anapoipokea.

Nikisema umbali, wapo watakaoona nazungumzia mambo ya kigeni, ya watu wanaokatana na wazazi wao na kuhama mji. Sidhani. Wazee wetu walijua kupima ukaribu kuliko tunavyojua sisi. Katika makabila mengi ya Tanzania na Kenya mkwe na mama mkwe hawakukaa chumba kimoja, hawakula pamoja, wakikutana njiani mmoja alipisha. Hakuna aliyesema wanachukiana. Ilijulikana kwamba hao ni watu wawili wanaoweza kuumizana vibaya, basi wakawekewa nafasi kati yao na nafasi hiyo ikaitwa heshima. Nyumba za pwani zilikuwa na baraza, na mtu aliweza kuja, akapewa kahawa na salamu, akaondoka bila kuvuka kizingiti, na asihesabike amefukuzwa. Siku hizi tumebana wote kwenye kundi moja la WhatsApp la ukoo, shangazi, mkwe, mtalaka na mtoto wa nje, na anayetoka kundini anahesabika ametangaza vita. Wenye busara wananyamazisha mlio wa kundi, wanasoma habari za msiba na mchango, basi.

Na tulikuwa na utani. Kwenye arobaini ya baba mkubwa wa Chumbageni, mtani mmoja wa ukoo, mwanamke wa makamo, alichukua sahani ya bati jikoni, akapita nayo kwa wageni akiinama kama mtoto: "Naombeni kipande, kwetu nyama tunaiona Idi tu." Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa mtani hajibiwi. Lakini waliokuwa wakijua walijua. Mama mkubwa aliinamisha uso akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Dada yule hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ile hakujua kama kuna mtu mwingine aliyekuwa akisikia. Nadhani siku ile alipata kitu ambacho hakuna kikao kilichowahi kumpa, ushahidi wa mtu wa tatu.

Masheikh wanaofundisha juu ya kuunga udugu husema daraja yake ya chini kabisa ni kusalimiana. Daraja ziko nyingi juu yake, na anayeweza apande, lakini aliyefika kwenye salamu hajakata. Paulo naye, alipowaandikia Warumi juu ya kuishi kwa amani na watu, aliweka mpaka wa kile kinachowezekana na kilicho mikononi mwao wenyewe. Dini hizi mbili zinatumiwa sana barazani kumfunga mdomo aliyeumizwa. Zisomwe vizuri. Zinamwachia mahali pa kusimama.

Kuna jambo moja ambalo kwalo haya yote niliyoyasema hayafai kitu, na sitaki msomaji alichanganye nayo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Baadhi ya wanaofanya hivyo wanaitwa mjomba, wanaitwa baba mdogo, wanakaribishwa chai. Hapo hapana masuala ya nafaka wala salamu. Anayesema "tuyamalize kifamilia" anamchagulia mtoto upande, na ameshamchagua mkubwa. Ipo namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto, lipo dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na mtoto aliyepitia hayo akikua, hadaiwi na mtu huyo hata kuhudhuria maziko yake.

Kwa sisi wengine, ambao ndugu zetu wametuumiza kwa maneno, kwa dharau, kwa kuwapendelea wenzetu, kwa kula fedha za matibabu ya mama, mambo yanabaki ya kupimwa siku kwa siku. Mwaka mmoja utaweza kulala msibani, mwaka mwingine utaona bora utume mchango kwa simu na ufike kwa mazishi tu. Hakuna anayestahili kukuandikia ratiba hiyo. Habari njema, ya mtoto aliyefaulu au kiwanja ulichonunua, unaweza kuiweka kwako mpaka ikomae, na usiwe umemdhulumu mtu. Na ukiwa na watoto, uwaambie ukweli kwa kiasi cha umri wao, ili wajue kwa nini bibi yule tunamsalimia, tunampelekea unga na sukari, na hatuwaachi kwake likizo.

Mzee utakayeongoza kikao Jumamosi ijayo, nakuomba jambo dogo. Kabla ya kusoma ajenda, mwite pembeni yule unayejua ameumizwa, iwe ni binti wa kulelewa, mjane, au kijana aliyeitwa mwanaharamu mbele ya watu. Muulize anaweza kutoa nini na hawezi kutoa nini, umwandike kama alivyosema, na mbele ya wenzako usimwongezee kitu. Akisema hatakaa mkeka mmoja na fulani, tandikeni mkeka wa pili, wapakulieni kutoka sufuria moja, kisha muendelee na habari ya michango.